Namba ya Nani Imo Kwenye Daftari la Mwalimu?

Ndugu zangu, sisi tulio nje tukikutana hatukosi la kusema kuhusu nchi yetu. Uraia pacha tumebishana mpaka wengine tukanuniana. Hoja ilipogeuka kuwa hadhi maalum, tukaanza upya. Pesa tunazotuma nyumbani tunazihesabu na kuikumbusha serikali kila inapotusahau. Yote hayo ni haki yetu, na mimi nimo humo humo. Lakini leo naomba niwatoe huko kidogo, niwapeleke mahali ambapo hakuna waziri wala mbio za mwenge: mezani kwa mwalimu wa darasa la pili. Pale mezani kuna daftari. Ndani ya daftari kuna jina la mtoto wako, na pembeni yake namba ya simu ya mzazi. Swali langu ni moja tu. Hiyo namba ni ya nani?

Kwa wengi ninaoishi nao hapa Doha, jibu ni kwamba si yao. Ni ya baba mdogo, ya bibi, ya shangazi, ya jirani aliyekuwa na simu nzuri siku ile ya kuandikisha, au ni laini iliyokwisha kufa zamani. Anayelipia sare, madaftari, uji na twisheni ya yule mtoto hayumo katika kumbukumbu za shule. Kwa shule hiyo, mzazi huyo hayupo duniani.

Wenzangu mlio Uingereza, Marekani na Kanada huenda mnashangaa kwa nini nalikuza jambo hili. Kwenu mtu akishapata makaratasi yake huanza taratibu za kuvuta familia. Ghuba si hivyo. Hapa Qatar mfanyakazi wa sekta binafsi halipati kibali cha kuishi na watoto wake mpaka mshahara ufike kiwango kilichowekwa, na kiwango hicho ni maelfu ya riyali. Sasa linganisha na kima cha chini cha mshahara kilichoanza Machi 2021: riyali 1,000 kwa mwezi, na nyongeza ya riyali 500 za malazi na 300 za chakula ikiwa mwajiri hatoi vitu hivyo. Dada anayefanya kazi za ndani, mlinzi wa getini, dereva, msafisha vyumba vya hoteli, hao hawaleti mtoto. Sisi wauguzi, wahandisi na watu wa mashirika ya ndege baadhi yetu tunaweza. Kwa hiyo Waafrika Mashariki wa Doha tumegawanyika mafungu mawili ya wazazi: wachache ambao watoto wao wako hapa, na wengi ambao watoto wao wako Korogwe, Kakamega, Masaka. Mikutano ya jumuiya, mara nyingi, huongozwa na wale wachache. Labda ndiyo maana hoja hii haijawahi kufika mezani.

Nitaeleza kisa kimoja. Mhusika ameniruhusu, na jina nimelibadilisha. Tumwite Mama Neema.

Mama Neema alikuja Doha mtoto wake akiwa na miaka mitano. Akamwacha kwa bibi, na shughuli zote za shule akamkabidhi shemeji yake, yaani baba mdogo wa mtoto. Kila mwezi anatuma. Kuna pesa ya matumizi, na juu yake zinakuja pesa za shule: mtihani wa mwezi, mlinzi, dawati, twisheni, picha ya darasa. Ujumbe unaingia, "Shemeji, Neema anadaiwa elfu kumi na tano shuleni, watamrudisha." Mama gani atasikia neno "watamrudisha" akalala? Anatuma. Akiuliza maendeleo anajibiwa, "Anaendelea vizuri." Hilo ni jibu la miaka mitatu, halijabadilika hata nukta.

Siku moja, mtoto akiwa darasa la tatu, mama anazungumza naye kwa video. Akamwambia, "Nisomee basi hapo kwenye kalenda ukutani pameandikwa nini." Mtoto akaangalia ukuta, akaangalia simu, akacheka kwa aibu, akamwita bibi yake. Hakuweza. Neno la silabi tatu lilimshinda, kwa Kiswahili, lugha aliyozaliwa nayo.

Mama Neema hakulala usiku ule. Ijumaa iliyofuata alihangaika mpaka akapata namba ya mwalimu mkuu kupitia kwa mtendaji wa kijiji. Mazungumzo yao alinisimulia neno kwa neno. "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama yake Neema wa darasa la tatu." Kimya kidogo. "Marahaba. Mama yake Neema? Sisi tunamfahamu baba yake, yule anayekuja na bodaboda." Akaeleza kwamba yule ni baba mdogo. Mwalimu akasema, bila ubaya wowote, "Basi mama, tumemwita mara mbili kuhusu usomaji wa huyu mtoto. Alisema ataufikisha ujumbe." Akaulizia na ile michango. Mingi shule haikuwa ikiijua.

Najua wengi mtakimbilia kumsulubu baba mdogo, na mimi simtetei. Lakini tukiishia kwake tutakuwa tumeacha donda na kufuta usaha. Ukiwa na mpango ambao habari zote za mtoto zinapita kwa mtu mmoja, na pesa zote zinapita kwa mtu huyo huyo, na pande mbili anazoziunganisha hazijawahi kusikia sauti ya mwenziwe, huhitaji mtu mbaya ili mambo yaharibike. Inatosha mtu wa kawaida mwenye shida zake. Wodini tunalijua hili. Muuguzi wa usiku hamkabidhi mgonjwa kwa wa asubuhi kupitia kwa mfagizi, hata kama mfagizi ni mtu mwaminifu kuliko wote. Wawili hao husimama pamoja kitandani.

Na tusisahau kwamba hata wazazi walio huko huko nyumbani, mita mia mbili kutoka shuleni, wengi wao hawana habari zaidi ya Mama Neema. Umbali wa Doha umelionyesha tu tatizo ambalo lipo kijijini.

Twende kwenye historia kidogo, maana hapa ndipo siasa inapoingia.

Uganda walilijaribu jambo hili kabla yetu. Katika miaka ya 1990 uchunguzi ulifanyika kufuatilia ruzuku ambayo serikali ilikuwa ikizitumia shule za msingi. Ilionekana kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya fedha zilizotolewa kwa ajili yao. Asilimia 13! Zilizobaki ziliishia wilayani na zilikojua zenyewe. Serikali ya Kampala ikaamua kutangaza magazetini kiasi kinachopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika matangazo ya walichopokea. Ulipofanyika ufuatiliaji mwingine mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wataalamu wamebishana kama sifa zote ziende kwa magazeti, kwa kuwa wakati huo huo kulikuwa na mageuzi mengine ya fedha na macho ya wafadhili. Sawa. Lakini hakuna aliyesema kwamba wazazi kujua kulidhuru.

Sisi Tanzania tukaja na MMEM, 2002 hadi 2006, ada ya shule ya msingi ikiwa imefutwa. Utaratibu wake, ukiusoma, ulikuwa mzuri mno. Kila shule iwe na akaunti benki, kamati ya shule yenye wazazi isimamie fedha, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo pale shuleni ili kila mzazi ayaone. Ruzuku ya uendeshaji ikawekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kamati za shule wala hazikuanzia hapo, zimo katika Sheria ya Elimu ya 1978. Kwa makaratasi, mzazi wa Tanzania ni miongoni mwa wazazi wenye mamlaka makubwa duniani.

Sasa nenda shule yoyote ukautazame ubao. Ukiukuta, utakuta karatasi iliyopauka kwa jua, ya mwaka juzi, yenye tarakimu na maneno ya kihasibu ambayo hata mimi mwenye digrii yangu yanataka nikae chini. Mzazi akisimama mbele yake anaona kwamba shule ina mambo makubwa yasiyomhusu. Na hata angeyaelewa yote, ubao ungemwambia pesa zilivyokwenda. Haungemwambia kwamba Neema hajui kusoma.

Hilo la pili lilikuja kusemwa na watu wa nje ya serikali. Uwezo walianza kupita nyumba kwa nyumba Kenya, Uganda na Tanzania, wakimpa mtoto karatasi ya kusoma ya kiwango cha darasa la pili, mbele ya mzazi wake, nyumbani kwao. Kwangu mimi uzuri wa kazi ile ulikuwa pale mlangoni, kuliko hata kwenye ripoti zilizotikisa magazeti. Mzazi aliona kwa macho yake mtoto wa darasa la tano akishindwa hadithi ya darasa la pili. Wengi ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kuwaambia ukweli kuhusu masomo ya mtoto wao bila kuwadai kitu.

Na kabla ya hapo, Septemba 2005, Wizara ya Elimu iliizuia HakiElimu kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule zetu, baada ya shirika hilo kutoa tathmini yake ya MMEM na matangazo yaliyoikera serikali. Naikumbusha habari hii kwa sababu ina mafunzo kwa wanaodhani mawasiliano ya shule na wazazi ni kazi ya mwalimu na simu yake tu. Mwalimu mkuu anasoma alama za nyakati. Akiona wanaosema ukweli kuhusu shule wanafungwa midomo na wizara, wewe unadhani ataitisha mkutano wa wazazi awaambie kwamba nusu ya darasa la tatu haisomi? Atasema, "Tunaendelea vizuri, tuna changamoto ndogo ndogo." Yaani lile jibu la baba mdogo.

Halafu ikaja elimu bila malipo, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ukaanza kufanya kazi Januari 2016. Watoto walifurika darasa la kwanza, jambo la heri. Ruzuku ikabaki ile ile 10,000 ya enzi za MMEM, na kati ya hizo shilingi 6,000 ndizo zilizokuwa zikienda shuleni, 4,000 zikibaki juu kwa ajili ya vitabu. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni na kuwataka walimu wasishike pesa za wazazi. Mimi niliunga mkono na bado naunga mkono, maana watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa deni la mlinzi. Lakini kulikuwa na madhara ya pembeni, kama dawa yoyote. Zamani, kwa ubaya wake, mchango ulikuwa sababu ya mwalimu na mzazi kukutana. Waligombana, lakini walikutana. Mchango ulipoondoka katika shule nyingi hapakuwekwa sababu nyingine ya kukutana. Wazazi wakaelewa kwamba serikali imelibeba jambo lote. Walimu wakaelewa kwamba kumwita mzazi ni kujitafutia balaa. Kikabaki kimya, na kimya ndicho kilichowapa nafasi akina baba mdogo. Tukiwa tulio nje hatujui mchango upi umepigwa marufuku na upi wazazi wamekubaliana kwa hiari, mtu yeyote anaweza kutuandikia chochote.

Kichekesho ni kwamba mwisho wa safari kila kitu kiko wazi. Baraza la Mitihani likitoa matokeo ya darasa la saba, hapa Doha nayafungua kwenye simu nikiwa ndani ya treni ya Metro, shule kwa shule, namba kwa namba. Kwa hiyo uwezo wa kumfikishia mzazi wa mbali habari ya mtoto wake upo, tena bure. Ila tunamfikishia akiwa ameshachelewa kufanya lolote. Na kwa mujibu wa sera mpya, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa miaka sita, basi muda wa kugundua mapema unazidi kupungua. Ni wazazi wangapi wa hapa mnaojua mtoto wenu yumo katika mtaala wa zamani au mpya? Nimewauliza kumi na moja. Wawili.

Sasa msije mkadhani naisifia Doha. Naijua mitego yake pia, kwa sababu wa kwangu anasoma hapa, shule ya binafsi.

Hapa tatizo ni kinyume. Shule inanitumia ujumbe asubuhi, mchana na jioni. Programu ya simu inapiga kengele: kesho ni siku ya rangi ya njano, leteni chupa tupu, mabasi yatachelewa, hongereni kwa siku ya taifa, tafadhali bonyeza kuthibitisha kwamba umesoma. Wiki inaanza Jumapili na Alhamisi jioni simu imejaa. Nabonyeza, nabonyeza. Katikati ya takataka hizo kunaweza kukawa na ujumbe mmoja wa maana, kwamba mtoto anahitaji msaada wa hesabu, nao umeandikwa kwa Kiingereza cha adabu kiasi kwamba mzazi wa Kisudani au wa Kinepali anausoma kama pongezi. Mwalimu naye yuko kwenye mkataba, mimi ni mteja ninayelipa ada, hapendi kuniudhi. Siku ya kuonana na mwalimu unapewa dakika chache, nyuma yako foleni. Mawasiliano mengi ajabu, na bado unaweza kumaliza muhula hujaambiwa kitu.

Kazini tuna desturi moja ambayo nadhani walimu wangefaidika nayo. Ukimaliza kumweleza mgonjwa jinsi ya kutumia dawa, humwulizi, "Umeelewa?" Kila mtu husema ameelewa, hasa mbele ya mtu aliyevaa sare. Unamwambia, "Hebu nieleze, ukifika nyumbani utafanyaje?" Hapo ndipo utajua. Shule inayotaka kujua kama mzazi amepata ujumbe isihesabu waliobonyeza. Iulize wazazi watano wanachokwenda kufanya usiku huo.

Kuna jambo la lugha ambalo nalionea uchungu. Qatar walianza mageuzi makubwa mwaka 2004, shule mpya za serikali zikifundisha hisabati na sayansi kwa Kiingereza. Wazazi walilalamika miaka nenda rudi kwamba Kiarabu kinawapotea watoto, na mwaka 2012 serikali ikarudisha Kiarabu. Nchi tajiri kama hii, yenye washauri wa kila bara, ilirudi. Sisi tuna shule za msingi za serikali zinazofundisha kwa Kiswahili. Maana yake bibi yake Neema, aliyesoma elimu ya watu wazima enzi za Mwalimu, anaweza kulifungua daftari la mjukuu wake akaona alichokosea. Hiyo ni mali kubwa, na hatujaitumia. Badala yake, kila mmoja wetu akipata vijisenti vya Ghuba, la kwanza analofanya ni kumhamishia mtoto shule ya Kiingereza, ripoti zinakuja kwa Kiingereza, bibi anazikunja na kuziweka kabatini karibu na kadi za kliniki. Tumemlipia mtoto ada kubwa na hapo hapo tumempofusha mtu pekee aliyebaki naye nyumbani. Mwenye kutaka kunipinga anipinge, lakini anijibu kwanza nani anasoma ile ripoti.

Niseme pia kuhusu makundi ya wazazi kwenye simu, maana najua mtu atasema dawa ni hiyo. Nimo kwenye mawili ya nyumbani. Moja limegeuka kijiwe cha siasa na matangazo ya mafuta ya nywele. La pili mwalimu anabandika alama za watoto wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, majina yote. Hili silikubali. Wodini ukisoma cheti cha mgonjwa kwa sauti korido nzima isikie, unaitwa ofisini. Mtoto wa mwisho darasani naye ana siri yake, na ana mama anayeangalia simu hiyo akiwa amekaa kitandani kwenye chumba cha watu sita. Mwambie yeye, peke yake.

Watasema walimu wamezidiwa. Ni kweli, na sitaki kuwa mtu wa Doha anayemwongezea kazi mwalimu mwenye watoto mia moja na zaidi darasani. Lakini ninachoomba ni kidogo. Fomu ya kuandikisha mtoto iwe na nafasi mbili: mlezi anayeishi na mtoto, na mzazi popote alipo duniani, kila mmoja na namba yake. Mara moja kwa muhula, ujumbe mmoja kwa wote wawili, wenye mambo matatu: mtoto anasoma au hasomi, amekosa siku ngapi, na shule inadai kitu gani au haidai. Huo ujumbe wa tatu ungeokoa pesa nyingi kuliko kampeni zote za kutushawishi tuwekeze nyumbani. OR-TAMISEMI haihitaji mfadhili kubadilisha fomu. Kenya, sheria yao ya 2013 imeweka chama cha wazazi katika kila shule ya umma, hivyo jumuiya ya Wakenya wa hapa ina mlango rasmi wa kubisha. Sisi tuna kamati ya shule. Ubalozi wetu hapa Doha ukituita tena kuzungumzia fursa za viwanja, naomba tulipeleke hili kwanza, na tuwape nafasi ya mbele waseme dada zetu wa kazi za ndani, siyo sisi.

Najua pia kwamba Doha hii hii ni mji wa mikutano ya elimu. WISE imekuwa ikifanyika tangu 2009. Education Above All, iliyoanzishwa na Sheikha Moza mwaka 2012, inashughulika na watoto walio nje ya shule duniani. Ni kazi ninayoiheshimu. Lakini mlangoni mwa kumbi hizo mlinzi mara nyingi ni Mkenya au Mganda mwenye mtoto darasa la nne, na ndani watu wanajadili ushirikishwaji wa wazazi. Sijasikia aliyetoka nje kumwuliza.

Wakati wanasiasa wanajipanga, kuna tunaloweza kufanya bila wao. Doha na Dodoma saa ni moja, hakuna tofauti hata dakika. Ijumaa kwa wengi wetu ni siku ya mapumziko, na nyumbani shule ziko wazi. Saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko ya chai, mwalimu ana dakika tano. Wakristo na Waislamu wote tunaipata kabla ya swala. Wengine wananiambia wanaogopa, hawajui waanzeje. Hawa ni watu waliopanda ndege peke yao kwenda nchi wasiyoijua, lakini mwalimu wa darasa la pili anawatisha. Basi chukueni huu, mbadilishe majina:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama yake mzazi (jina la mtoto), darasa la (…). Ninafanya kazi Qatar, mtoto anaishi na bibi yake. Naomba namba yangu hii iandikwe kwenye daftari lako pamoja na ya bibi. Sina malalamiko. Nina maswali matatu tu, nawe unijibu utakapopata nafasi: anaweza kusoma habari fupi peke yake? Amekosa siku ngapi muhula huu? Kuna mchango wowote shule imeuomba? Asante kwa kumlea."

Usiambatanishe vocha. Najua nia ni njema, lakini ukimtumia mwalimu vocha siku ya kwanza utakuwa umenunua jibu, na yule wa jirani asiyekuwa na mama Doha atakuwa amesogezwa nyuma ya foleni. Kama unataka kuchangia bando la walimu, pelekeni kwa kamati ya shule, kwa jina la kikundi, na muombe risiti.